Tathmini ya Huduma: Usimamizi wa Kiakiolojia Wakati wa Kuchimba Mtaro Kwenye Uwanja wa Kanisa, Rungwe

Uwanja wa kanisa letu wilayani Rungwe, ambako wamisionari wa Kimoravian walifika mwaka 1891, una makaburi ya zamani ambayo mengi hayana tena msalaba wala jiwe. Kwa sababu hiyo, kamati ya ujenzi ilipoamua kuchimba mtaro wa kuondoa maji ya mvua yanayodhoofisha msingi, tuliajiri kikundi kidogo cha wanaakiolojia kisimamie kazi hiyo. Hatukushurutishwa, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, ilhali ya baadaye, kama letu, hulindwa tu yakishatangazwa rasmi.

Usimamizi wenyewe ulikuwa wa hali ya juu. Dereva wa kijiko alitakiwa kufunga ndoo bapa isiyo na meno na kukwangua udongo kidogo kidogo, huku mtaalamu akiwa amesimama kando yake muda wote. Chini ya udongo mweusi wa kwetu kuna tabaka la mawe mepesi yaliyorushwa na Mlima Rungwe takriban miaka 4,000 iliyopita, na mtaalamu alituonyesha kwamba pale tabaka hilo lisipokatika, hapajawahi kuchimbwa. Upande wa mashariki lilikatika ghafla, na udongo uliochanganyika na vipande vya mawe hayo ukaonekana katika umbo la mstatili lenye urefu wa mtu mzima. Mashine ilisimamishwa papo hapo. Waliposafisha kwa mwiko na brashi, ilionekana misumari yenye kutu iliyojipanga pande mbili, bila mfupa wowote, kwa maana udongo wenye tindikali na mvua nyingi huimaliza mifupa. Hawakuendelea kuchimbua. Walipima, wakachora na kupiga picha, wakawasubiri wazee wa kanisa wafike kuomba, ndipo wakafukia na mtaro ukapindishwa. Heshima hiyo kwa marehemu tusiyemjua jina iliwagusa waumini wengi, nami nikiwamo.

Kasoro zipo. Ripoti ilichelewa sana, tena iliandikwa kwa Kiingereza pekee, ilhali wanaoihitaji zaidi ni wazee wanaokumbuka nani alizikwa wapi na ambao wangeweza kuikamilisha ramani ya makaburi. Vilevile malipo yalihesabiwa kwa siku, hata zile ambazo mvua ilizuia kazi, na kwa hali ya hewa ya Rungwe gharama hiyo si ndogo kwa ushirika unaotegemea sadaka.

Hata hivyo tutawaita tena tutakapochimba shimo la choo kipya, safari hii mkataba ukitaja tarehe ya ripoti ya Kiswahili na malipo ya siku za mvua.