Submission Grinder: sura ya kizamani lakini inafanya kazi, na ni bure

Kabla nijue hii saiti ya kutafuta majarida na kufuatilia stori ulizotuma nlikua na kidaftari, naandika jina la jarida na tarehe nliyotuma stori, alafu nahesabu siku kama mtu amefungwa. Mimi naandika stori za ajabu ajabu, majini, chunusi, mambo ya huku kwetu Pwani, lakini kwa Kizungu manake majarida mengi yanayolipa ndo yanachukua hivo. Hii ya chunusi anaekaa chini ya feri ya Likoni, maneno 3,200, ilikua ishakataliwa mara nne (ya kwanza najilaumu mwenyewe, nlituma PDF nimeipamba na picha ya meli, kumbe watu wanataka tu faili la kawaida, maandishi meusi, mistari imeachana, basi).

Sasa Grinder ni nini. Ilianza 2013, wakati Duotrope, saiti nyingine ya kazi hiyo hiyo, imegeuka ya kulipia, dola 5 kwa mwezi, na mmoja wa walioianzisha ni David Steffen ambae mwenyewe ni mwandishi na pia ni mhariri wa jarida la Diabolical Plots, kwa hivyo anajua uchungu. Unafungua akaunti, unaingiza stori yako, aina yake na urefu, inakutolea majarida yanayochukua kitu kama hicho, analipa nani senti ngapi kwa neno, nani amefungua kupokea stori nani amefunga. Hapo kwa kufunga usipuuze, kuna majarida yanafungua siku chache tu alafu kimya, na mengine yanaweza kufunga ghafla kama Clarkesworld Februari 2023 walipofurikiwa na stori zilizoandikwa na AI. Kwa malipo, kiwango cha SFWA, chama cha Marekani cha waandishi wa stori za ajabu na za sayansi, ni senti 8 kwa neno tangu 2019, yani chunusi wangu angenipa dola 256. Hizo pesa nlishazitumia kichwani kabla situma, nimelipa rent na biriani nimekula.

Lakini mimi kilichoniweka hapo si pesa, ni ule mchoro wa siku za kusubiri, unaoonyesha kila jarida waandishi wamesubiri jibu siku ngapi. Kuna jarida moja, silitaji jina, lilikaa na stori yangu siku 211, na mimi nshajiaminisha wanaipenda mpaka wahariri wanagombana. Nikawaandikia kwa adabu kuulizia, kimya. Siku moja usiku nikafungua ukurasa wao kwa Grinder nikakuta wenzangu kibao wanasubiri, mmoja siku 190, mwengine 230, hakuna aliejibiwa miezi. Wallahi nlicheka peke yangu. Nikaandika kabarua ka kuitoa stori, asubuhi yake nikaituma kwengine. Kile kidaftari kisingeniambia hivo ata siku moja.

Msidanganyike na asilimia lakini. Hizo takwimu zinatoka kwa waandishi wenyewe wanaojaza, na wengi hawajazi, kwa hivyo ukiona jarida linakubali wengi punguza kidogo. Na usitume kwa kutegemea Grinder peke yake, nenda kwa saiti ya jarida usome masharti, hasa hili la kutuma stori moja sehemu mbili kwa wakati mmoja, wengi hawataki kabisa.

Alafu majarida yanayochukua stori za Kiswahili hapa tutatafuta mpaka tuchoke. Afadhali ujue Samovar ya Strange Horizons, wao wanatoa stori iliyotafsiriwa pamoja na ile ya lugha yake, na Omenana iliyoanza 2014 ambayo ni ya Waafrika na wenzetu walio nje. Huko sijajaribu bado, ninayo stori moja ya kinyamkera, pepo mwengine wa huku kwetu, nairekebisha rekebisha.

Chunusi alipata kwao mwisho wa mambo, jarida dogo, senti 1 kwa neno, dola 32, nikazitoa PayPal zikaingia M-Pesa. Biriani ilitosha, rent hapana.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata siku zile jedwali zitaenea kwa simu yangu, sahii nateleza kidole kushoto kulia mpaka nasahau nlikua natafuta nini. Nina mbili ziko nje, moja siku ya 12, moja ya 47, na leo nishachungulia mara tatu.