Riwaya za mapenzi na hadithi za picha: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Majalada ya riwaya za mapenzi siku hizi yana sura za kila aina, na hilo ni jema. Shida ni kwamba jalada halikuambii kilichomo. Vipo vitabu ambavyo mhusika ni mlemavu, au mhamiaji, au anapenda mtu wa jinsia yake, kwa ukurasa wa kwanza tu. Baada ya hapo hadithi inajiendea kana kwamba hilo halikuwahi kutajwa. Kipimo changu ni kimoja: mwondolee mhusika ile hali yake, kisha jiulize kama mapenzi yale yangekwenda vilevile. Yakienda vilevile, umeuziwa jalada.

Kwa kipimo hicho nimepanga vitabu saba nilivyovisoma karibuni, riwaya tatu na hadithi za picha nne. Vyote vinapatikana kwa Kiingereza.

1. Aya, ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie

Abouet alizaliwa Abidjan, Côte d'Ivoire, akahamia Ufaransa akiwa na miaka 12. Kitabu cha kwanza cha Aya kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2005, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kitabu bora cha kwanza kwenye tamasha la hadithi za picha la Angoulême, Ufaransa. Tuko Yopougon, mtaa wa Abidjan ambao wenyeji wake wanauita Yop City, mwishoni mwa miaka ya 1970. Aya anautaka udaktari. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, wanataka muziki na wavulana, hasa mvulana mwenye gari. Usiku ukiingia, wapenzi wanakutana sokoni kwenye meza za wachuuzi zilizobaki tupu, mahali panapoitwa Hoteli ya Nyota Elfu. Kurasa hizo ndizo nilizozirudia zaidi: giza, meza, watu wawiliwawili, kila mmoja akiomba asitambuliwe na jirani ambaye naye amekuja kujificha palepale.

Nilicheka sana Adjoua alipojifungua. Alikuwa amemtaja mtoto wa tajiri wa bia kuwa ndiye baba, na sasa ukoo mzima unamkagua kichanga, pua, macho, masikio, ukitafuta wa kufanana naye. Hapatikani hata kwa kulazimisha. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu tabaka wala heshima ya familia. Yote yamo usoni mwa mtoto na usoni mwa wanaomtazama.

Usinunue juzuu mojamoja. Mchapishaji wa Kiingereza, Drawn & Quarterly, amezikusanya sita za mwanzo katika vitabu viwili vinene, Life in Yop City na Love in Yop City. Anza na Life, kwa sababu cha pili kinakudai uwajue watu wote, akiwemo Innocent, msusi anayefunga safari kwenda Paris akiwa na siri yake. Na usiruke kurasa za nyuma zenye mapishi na maelezo ya kufunga kitenge. Mwenye Kifaransa chake asome kwa Kifaransa. Utani wa mtaani unanoga zaidi.

2. Indigo, ya Beverly Jenkins

Ndicho kikongwe kwenye orodha hii, kimetoka 1996, na hakijachuja. Mikono ya Hester Wyatt ina rangi ya nili isiyotoka, alama ya kazi aliyofanyishwa utotoni akiwa mtumwa. Mwaka 1858 yuko huru katika jimbo la Michigan, Marekani, na nyumba yake ni kituo cha ule mtandao wa siri uliowatorosha watumwa kuelekea kaskazini, Underground Railroad. Usiku mmoja analetewa majeruhi wa kumficha: Galen Vachon, mtoroshaji anayesakwa, mwili wote umepondeka na kauli yake kali kama ya mgonjwa asiyezoea kuuguzwa. Sheria ya mwaka 1850 iliwaruhusu wakamataji kuwafuata watoro hadi kwenye majimbo huru, yale yasiyo na utumwa, na aliyewaficha alikuwa anavunja sheria. Kwa hiyo kila bakuli la supu analompelekea mtu huyu ni hatari, na mapenzi yanaota humohumo kwenye hatari.

Kilichonikamata zaidi ni kwamba wapenzi wote wawili ni weusi na bado kuna ukuta kati yao. Galen anatoka familia tajiri na huru ya New Orleans. Hester anaificha mikono yake kwenye glavu. Halafu kuna baba yake Hester, mtu huru aliyekubali kuingia utumwani ili asiachane na mwanamke aliyempenda. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwanza.

Lalamiko langu: katika nusu ya pili, pesa za Galen zinafungua milango mingi mno. Nilitaka Hester aendelee kuhangaika kidogo. Pia kina kurasa za chumbani zisizofumba macho, kwa hiyo angalia unayemnunulia zawadi.

3. The Magic Fish, ya Trung Le Nguyen

Hiki cha 2020 ni hadithi ya mama na mwana kuliko ya wapenzi, lakini nimekiweka juu ya riwaya mbili za mapenzi na sijutii. Tiến ni kijana Marekani, wazazi wake ni wakimbizi kutoka Vietnam. Anataka kumwambia mama yake kwamba anapenda wavulana na hajui aanzie wapi, kwa hiyo wanaendelea na desturi yao ya kusomeana ngano, na ngano zinabeba yale ambayo vinywa vimeshindwa.

Sasa sikiliza vizuri kabla ya kulipa. Kitabu hiki kinasimuliwa kwa rangi: nyekundu ni maisha ya sasa, njano ni kumbukumbu za zamani, na buluu ni ulimwengu wa ngano. Katika ukurasa mmoja picha ya njano inaweza kuchomoza katikati ya nyekundu, nawe ukajua bila kuambiwa kwamba mama amesimama jikoni huku akili iko Vietnam. Ukikinunua kwa ajili ya kile kisomaji cha skrini isiyo na rangi, umetupa nusu ya kitabu. Chukua cha karatasi, au tableti yenye rangi. Simu nayo haifai: ukikuza picha ili usome maneno, unaupoteza mpangilio wa ukurasa, na mpangilio ndio uchawi wenyewe.

4. The Kiss Quotient, ya Helen Hoang

Stella ni mtaalamu wa takwimu za uchumi, ana usonji, na anaamua kumlipa mwanamume amfundishe mambo ya faragha kama mtu anayejiandikisha kozi. Hoang mwenyewe alithibitishwa kuwa na usonji mwaka 2016, miaka miwili kabla ya kitabu kutoka, na inaonekana: kelele, harufu, mshono unaogusa ngozi, vyote vina uzito wake. Michael, mpenzi wa kukodiwa, ana damu ya Vietnam na ni fundi wa nguo, kwa hiyo anaielewa mishono kabla hajamwelewa mwenye nguo. Njama inajulikana mwisho wake tangu mbali. Nilisoma hivyohivyo, na ningesoma tena. Kwa watu wazima tu.

5 na 6. Get a Life, Chloe Brown (Talia Hibbert) na The Prince and the Dressmaker (Jen Wang)

Chloe ana fibromayalgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili yasiyokwisha, na Hibbert hamponyi kwa busu, jambo ambalo waandishi wengi wangelifanya. Maumivu yanampangia ratiba, na Red, msimamizi wa jengo analoishi, anajifunza kuisoma ratiba hiyo. Utani ni wa Kiingereza cha Uingereza na nilihitaji sura kadhaa kuuzoea. Ni kitabu cha kwanza kati ya vitatu vya dada watatu, ila kinajitosheleza.

Cha Wang, kilichopata tuzo ya Eisner ya hadithi za picha mwaka 2019 upande wa vijana, kina magauni ya kukufanya usimame ukurasani. Mwanamfalme anavaa gauni usiku, mshonaji wake hawezi kujulikana bila siri ya mteja kufichuka. Mgogoro mzuri kweli, halafu mwisho unaumaliza upesi mno. Kwa kijana wa miaka 12 au 13, kipandishe hadi namba mbili.

7. Heartstopper, ya Alice Oseman

Iko chini si kwa ubaya. Nick na Charlie, wavulana wawili wa shule wanaopendana, wanapendeza, na kuanzia katikati mambo ya afya ya akili ya Charlie yanaipa hadithi mwili. Lakini ni mfululizo, kila juzuu inasomwa kwa mkao mmoja, na gharama inajumlika. Oseman aliianza mtandaoni mwaka 2016 na huko inasomeka bure, kwa hiyo soma sura chache kabla ya kutoa pesa. Ukiona majani yanayopeperuka kuwazunguka wapenzi yanakuchosha mapema, mfuko wako umesalimika.