Nyumba ya kupanga Kibada, Kigamboni: uzoefu wa familia yetu

Kwa familia yenye watoto, Kibada naipendekeza kwa moyo wote, na sababu yangu kubwa haimo ndani ya nyumba. Ni barabara za mtaa. Kibada ni mojawapo ya maeneo yaliyopimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na mpaka leo tofauti inaonekana: viwanja vimenyooka, na kila geti lina njia ya gari mbele yake. Gari la majitaka linafika bila kuomba kupita kwa jirani. Kule uswahilini tulikotoka, mgonjwa alibebwa mikononi kupita vichochoroni mpaka barabara kubwa ndipo apakiwe kwenye bajaji. Niliyaona kwa mama yangu mzazi, ndiyo maana hili nalitanguliza.

Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko na stoo, ndani ya uzio. Chini tailizi, juu gipsamu. Ninachokipenda zaidi ni madirisha. Sebule na chumba cha watoto vimeelekea kusini mashariki, kwa hiyo kusi ikianza kuvuma upepo unaingia wenyewe, na ikifika Juni feni hatuwashi usiku. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Februari, mambo hubadilika: masta inapigwa na jua la jioni, ukuta unabaki wa moto hadi saa nne usiku. Madalali hupenda kuonyesha nyumba asubuhi. Wewe omba kwenda saa kumi na moja jioni, uweke kiganja ukutani.

Shida yetu ni maji. Kisima kina maji ya chumvichumvi; sabuni haitoi povu vizuri, na birika linashika ukoko mweupe ndani. Ya kunywa na ya chai tunanunua. Nilipomweleza mwenye nyumba, mzee hakukasirika. "Mwanangu, nitakuwekea simtanki la pili, uvune ya mvua." Aliliweka kabla ya masika, na kwa upana wa bati la nyumba hii, mvua kubwa ya usiku mmoja inalijaza.

Kodi ni miezi sita mbele, na dalali anachukua ya mwezi mmoja, kama kwingi Dar.

Usafiri upige hesabu mapema. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016 kutoka Kurasini kuja Vijibweni, limetuokoa sana, ila mwenye gari analipa tozo, kwa hiyo iingize kwenye bajeti ya mwezi pamoja na kodi. Asiye na gari anapanda daladala mpaka kwenye pantoni, anavuka Magogoni, na Posta anafika kwa miguu. Foleni ya asubuhi pale inachosha. Mke wangu hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka.

Majirani ni watu wa kusalimiana na kuzikana, na tunachangiana mlinzi wa mtaa. Ila viwanja viwili vinavyotazamana na geti letu bado ni pori, wenyewe hawajulikani walipo, na upande ule hauna taa. Tumemwomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa awatafute waje kufyeka. Kwa sasa binti yangu akitoka tuisheni jioni, namfuata mwenyewe hadi kituoni.