Kituo cha wadada wa kazi za usiku hapa Mbeya: msaada wa sheria nyota tano, cherehani nyota moja

Kwanza jina la kituo siweki, mtaa siuweki, na nyie mnaokijua naomba mkae kimya hivo hivo. Sio maringo. Februari 2017 wizara ya afya ilifunga vituo 40 vya aina hii nchi nzima, vya kuhudumia wanaojiuza na makundi mengine yaliyo kwenye hatari ya VVU, kisa eti vinahamasisha ushoga, na dada aliyekua anaenda kuchukua kondomu zake na kupima kaswende akakuta kufuli mlangoni na hakuna wa kumwambia aende wapi. Tangu hapo wanaoendesha vituo hivi wanatembea kwa kunyata, kibao cha nje kinasema afya ya jamii basi imeisha, maana mwenye nyumba akijua wanaoingia humo ni kina nani kesho mkataba haupo. Ukikihitaji utafikishwa tu. Waelimishaji rika wapo Mwanjelwa, Kabwe, Mafiati, mpaka Uyole, ulizia kwa dada unayemwamini.

Mi ni baamedi. Kwa wasiojua baa zetu zinavyolipa, mshahara ni wa kukuweka karibu na wateja tu, hela yenyewe unajitafutia, nadhani nimeeleweka. Kwahiyo hapa anayeongea ni mteja wa kituo, sio mfadhili aliyekuja na gari nyeupe akapiga picha akaondoka.

Kilichonivuta mwanzo ni muda. Kliniki za kawaida zinataka uwe kwenye benchi saa moja asubuhi, sasa mtu uliyefunga kaunta saa tisa usiku ukahesabu chupa mpaka saa kumi utaamkaje? Hawa wanafungua saa nne, ikifika saa nane mchana ndo panachangamka, unaingia na kanga yako na macho yamevimba hakuna anayekushangaa. Jina hawaulizi, wanakupa namba. Mapokezi kuna chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa, na nyie mnaoijua Juni na Julai ya huku mnajua hiyo chai ina maana gani kwa mtu aliyekesha na sketi fupi.

Nesi ni mama mtu mzima, Mnyakyusa, swali lake la kwanza kwa kila mtu ni "umekula mwanangu?" ndo mengine yafuate. Anapima VVU, anapima kaswende, anakagua shingo ya kizazi, uzazi wa mpango upo, na anaeleza mpaka uelewe. Dawa za kujikinga na VVU ni mbili, PrEP unameza kabla, PEP ni baada ya ajali na lazima uianze ndani ya saa 72, sio panadoli ya kumeza ukikumbuka. Ukikutwa unao hakuna hotuba, anakupeleka CTC, ile kliniki ya dawa za VVU, mwenyewe, anakaa na wewe mpaka kadi itoke. Nilishawahi kwenda hospitali moja, siitaji, nesi alivyojua kazi yangu akamwita mwenzake aje nae aangalie, yani mguu huku mguu kule wanateta kwa kilugha wakidhani sisikii. Ukitoka huko ukaja kwa huyu mama unaweza ukalia kwa kuulizwa tu kama umekula.

Na mtu asiniletee ile hoja ya "mnawahudumia malaya mnaongeza umalaya". Utafiti wa taifa wa 2022-23 unasema kwa watu wazima nchi nzima maambukizi ya VVU ni asilimia 4.4, Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, sisi Mbeya 9.6. Hii barabara ya Zambia imepita humo humo, malori yanalala Ipogolo, Makambako, Tunduma, na kila yanapolala kuna baa na kuna sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwafuatilia wahudumu wa baa 600 mkoani hapa, walipoanza asilimia 68 walikua na VVU, jamani 68, walivyowekewa huduma ya kupimwa na kutibiwa kila miezi mitatu kisonono kikashuka na maambukizi mapya yakashuka. Sasa anayetaka tusihudumiwe aseme vizuri anataka nini, maana wateja wetu wana wake nyumbani.

Haya, tuje kwenye sheria, hapa ndo nyota tano zote naziacha.

Kuna kaka pale tunamwita wakili, mwenyewe anakataa, anasema yeye ni msaidizi wa kisheria, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 ndo inayowatambua na kazi yao ni bure. Ana koti moja la baridi la kijani na faili la kaki, sijawahi kumuona na kitu kingine. Siku moja ulipita msako, wadada wakazolewa gesti wakapakiwa kwenye difenda, mmoja wao akawahi kunipigia kabla simu haijachukuliwa, na mimi nikampigia huyu kaka saa saba ya usiku akaja. Nilikua nimesimama nae pale kaunta ya polisi. Hakupiga kelele, hakusema mimi ni nani nyie mnanijua.

"Habari za kazi afande, naomba kujua hawa dada zangu wameandikiwa kosa gani."

"Uzururaji."

"Wamekamatwa wapi?"

"Gesti, vyumbani."

"Vyumba vimelipiwa?"

"Vimelipiwa ndio."

"Sasa afande, mtu aliyelala kwenye chumba alicholipia anazururaje?"

Afande mwenyewe alicheka. Mwenzake wa pembeni hakucheka, akaanza mambo ya "dhamana itakua shilingi ngapi", kaka akanyoosha kidole tu ukutani kwenye lile bango la dhamana ni bure, akanyamaza. Wale wadada walitoka asubuhi hiyo hiyo bila kutoa senti, na miaka yote tulikua tunachangishana, bosi wa baa anakukopesha alafu anakukata kwenye mshahara ambao ndo huo niliowaambia.

Ninachompendea ni kwamba hatudanganyi. Hakai akatuimbia haki haki kama vile sheria iko upande wetu, anasema wazi kifungu kipo, namba 176 cha kanuni ya adhabu, kinamgusa anayejiuza akiwa hadharani kwa tabia isiyofaa au akisimama barabarani kuita wateja, na anayeishi kwa hela ya mwanamke anayejiuza na yeye ana kifungu chake. Lakini anatufundisha kifungu kinaishia wapi. Kubeba kondomu kwenye pochi sio kosa, hakuna sheria inayosema hivo, kwahiyo ukitishiwa kwamba ndo ushahidi usitetemeke ukatoa hela. Ukikamatwa uliza kosa. Usisaini maelezo ambayo hujasoma au hujasomewa. Ndani ya saa 24 wakufikishe mahakamani au wakupe dhamana. Usibishane kwa matusi maana hapo unawapa kosa lingine la kuandika. Yote hayo yameandikwa kwenye kadi ngumu ya kuingia kwenye sidiria, na aliyefikiria kuipima kwa sidiria lazima alikua mwanamke.

Lingine ni la mwenzetu aliyepigwa na kubakwa na mteja, mteja mwenyewe mtu wa heshima zake tu mjini. Zamani hili lilikua linaishia chumbani, maana unaenda kusema nini polisi, utaambiwa si ndo kazi yako? Kaka aliongea nae kwa simu kwanza akamwambia dada yangu najua unatamani kuoga, usioge, nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, njoo. Nesi akampa PEP ndani ya muda, wakaenda wote watatu Dawati la Jinsia pale polisi, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikajazwa, na yule askari wa kike pale dawati alimsikiliza vizuri nampa hongera zake. Kujiuza hakumpi mtu kibali cha kukubaka, sheria ya ubakaji inauliza kama uliridhia, haiulizi unafanya kazi gani. Kesi bado, inatajwa inaahirishwa, inatajwa inaahirishwa. Ila kila ikitajwa kaka yupo pale nje ya mahakama na koti lake la kijani, na mwenzetu haendi peke yake.

Sasa cherehani.

Mwe! Kila mradi ukija lazima kuwe na cherehani. Kuna chumba kizima cha nyuma kina cherehani nne, moja haina mkanda, na tuko kundi kubwa tunazigombania, fundi anakuja akipenda. Kabla ya hapo ilikua sabuni ya maji, tukatengeneza madumu na madumu, nani ananunua wakati Mwanjelwa nzima kila mama ana dumu lake la sabuni ya maji mlangoni? Mi nililifulia langu mpaka likaisha. Akaja mwezeshaji kutoka Dar na kompyuta yake kutuambia tutoke kwenye maisha haya tuwe wajasiriamali, dada mmoja wa Rungwe mpole kweli akanyoosha mkono akauliza, samahani madam, niuze lita ngapi kwa mwezi ili nilipe chumba na ada za watoto wawili na nimtumie mama? Madam akasema ni swali zuri, akabofya picha inayofuata.

Sikatai watu kutafuta kazi nyingine, mimi mwenyewe nikipata fremu ya kuuza vitenge pale Kabwe hamtaniona tena kaunta. Lakini kile chumba na zile posho za semina zingemlipa msaidizi wa kisheria wa pili, huyu mmoja amechoka, anashika Mbeya mjini, akipigiwa simu kutoka Tunduma anapanda gari usiku. Na kitu kilichotusaidia kihela hawakukileta wao hata kidogo, ni kikoba chetu, tunakutana Jumatatu kwa sababu Jumatatu baa zimelala, kituo kimetupa tu chumba na sanduku la kufuli tatu. Wenzetu wameshajenga kwa hicho kikoba, mmoja ana kibanda cha ndizi na nyama pale Uyole na amewaajiri wawili. Hakuna aliyemfundisha sabuni.

Mapungufu mengine. Dada wa mapokezi wa zamu ya mchana ana kale kajicho, anakuangalia kuanzia viatu, nimeshawaambia. Choo kimoja. Ukija na mtoto hakuna pa kumuweka, anakaa hapo hapo benchi anasikia watu wanaongelea magonjwa. Wadada wa vilabu vya komoni hawaji kabisa, wanaona pale ni pa sisi wa baa, na kituo hakijahangaika kuwafuata na wao ndo wenye shida kuliko sisi.

Na ile Alhamisi ya usiku imekufa. Zamani nesi na waelimishaji walikua wanakuja mpaka nyuma ya baa na begi, unapimwa unarudi kwenye meza yako. Januari 2025 Marekani ikasimamisha hela za misaada, kituo kikafungwa kama utani, waelimishaji rika wakaambiwa wabaki nyumbani, na ruhusa iliyokuja baadae ikasema PrEP ya hela zao ni kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Yani sisi tunaokutana na madereva kila usiku tukawekwa nje ya mstari. Kituo kilifunguka tena kwa kusuasua, dawa za CTC tuliendelea kupata hospitali, ila usiku hawajarudi mpaka leo na waelimishaji wamebaki wachache wanaojitolea kwa nauli ya bajaji. Serikali ilisema itaziba pengo, mi nasubiri nione begi nyuma ya baa.

Kwa jumla nawapa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya cherehani na kale kajicho.

Ukiwa unatoka Tunduma, Makambako au Mafinga na unatumia dawa, njoo na kadi yako ya CTC wakusaidie uhamisho, usikae bila dozi ukiogopa kuanza upya maelezo. Fika baada ya saa nane, asubuhi nesi anakua kwenye vikao. Namba ya kaka utapewa mlangoni ukiwa unatoka, ihifadhi kwa jina la fundi bomba au mama mchicha, usiandike wakili, na ikiwezekana ikariri kichwani kabisa maana pale kaunta ya polisi kitu cha kwanza kuchukuliwa ni simu.