Tumelipia hifadhidata, tukaishia kwenye kaunta buku
Kampuni siitaji, maana mji wenyewe huu na bosi wangu anaswali nao msikiti mmoja. Lakini roho inaniuma, acha niandike.

Mimi ni mhasibu kwenye ghala la alizeti, Kizota, hapa Dodoma. Zamani tulikuwa na PostgreSQL, programu ya bure ya kutunza hifadhidata, yaani kumbukumbu zetu zote za kompyuta. Alitufungia kijana mmoja aliyemaliza UDOM, leseni hatukulipa hata senti, na haikutusumbua. Kijana akapata ajira serikalini, akahamia Mtumba, simu ikawa haipokelewi. Bosi akaingiwa na hofu. "Hii programu ni ya nani?" Nikamwambia ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, sasa ni ya watu wote. "Ya watu wote ndiyo ya nani? Ikilala nimfuate nani?" Haijawahi kulala, bosi. "Ndiyo maana naogopa."

Basi tukaangukia kwa wakala wa mjini, mwenye mkataba wa mhuri, akatufungia mfumo mwingine, na kila mwaka tunamlipa hela ya "leseni na huduma".

Msimu uliopita, mavuno yamepamba moto, malori ya Kondoa na Kongwa yamepanga foleni hadi barabarani, mfumo ukagoma. Kusoma unasoma, kuandika hauandiki. Unapima gunia, unabonyeza kuhifadhi, yanakuja maneno mekundu. Nikapiga simu. Akapokea dada mmoja, nasikia kabisa anatafuna kitu. "Umefungua tiketi ya kuomba msaada?" Mdogo wangu, nina wakulima wamesimama juani hapa. "Bila tiketi sikusaidii, soma mkataba wenu." Akakata. Akakata!

Nikatuma mtu dukani akanunue kaunta buku. Mzee mmoja aliyekaa juu ya magunia yake akanitazama nikipiga mistari kwa rula, akauliza, "Kwani kompyuta imekula nini, mama?" Sikuwa na jibu.

Jioni yule kijana wa Mtumba akapokea, hatimaye. Akanielekeza pa kubonyeza, nikamsomea kilichoandikwa, akacheka. Tulichofungiwa ni SQL Server Express ya 2019, programu ya hifadhidata ya Microsoft, toleo la bure, na kikomo chake ni gigabaiti 10 kwa kila hifadhidata; zikijaa, haipokei kipya. La bure! Sasa leseni tuliyokuwa tunalipia ni ya nini? PostgreSQL ingeendelea kumeza tu. Usiku ule ungeniuliza, ningekwambia mawakala wote ni wezi.

Ila niseme ukweli, hizo gigabaiti tulizijaza wenyewe. Tulikuwa tunatupia humo picha ya kila risiti na kila lori. Na kesho yake wakala alileta fundi kutoka Dar, akashuka na treni ya SGR, mpole, "poleni sana mama". Akahamishia miaka ya nyuma kwenye hifadhidata ya pili, na kabla chai yake haijapoa tukawa tunaandika. Nilikuwa nimejipanga kumgombeza, nikashindwa. Nikaelewa anacholipia bosi: mtu wa kuja. Lakini kaja kesho yake! Wakulima wengine walishageuza magari.

Hela ya leseni nimeidai, wananizungusha. Bosi kashasaini mkataba mwingine. Nyota mbili, zote za fundi. Namba yake nimeiandika ndani ya jalada la kaunta buku, na kaunta buku iko chini ya meza yangu.