MADV_FREE kwenye seva ndogo: kasi safi, hesabu ya kupotosha

Huduma tunayoipima hapa ni MADV_FREE, njia ya programu kuiambia kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) kwamba haihitaji tena kipande fulani cha kumbukumbu. Imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 4.5, mwaka 2016. Tunaipima kwa ajili ya anayetunza mashine moja ya RAM gigabaiti 4 kwenye sacco ya Kisumu au saibakafe ya Nakuru, mahali ambapo kompyuta hutumika hadi ichoke.

Programu ikimaliza kazi na kipande cha kumbukumbu, huiarifu kerneli. Kwa MADV_DONTNEED, njia nyingine ya kuachilia, kurasa (vigawanyo vidogo vya kumbukumbu) huchukuliwa papo hapo. Programu ikirudi kuandika palepale, kila ukurasa wa kilobaiti 4 hutafutwa upya na kujazwa sufuri. Megabaiti 64 ni kurasa 16,384, na programu inayoachilia na kurudia kila sekunde hulipa gharama hiyo kila mara. MADV_FREE huziacha kurasa zilipo, zikiwa na alama tu. Ni kama meza ya mitumba pale Kibuye ambayo mwenyewe ameondoka akisema, "Anayetaka nafasi achukue." Akirudi kabla hajaja mtu, anatandaza nguo zake na biashara inaendelea.

Kinachouokoa ukurasa ni kuandika juu yake. Kuusoma hakutoshi: leo utaona data ya zamani, kesho sufuri. Kwa hiyo msitegemee huduma hii kusafisha nenosiri. Lifuteni kwanza kwa explicit_bzero, kitendakazi cha C kinachoandika sufuri juu ya data.

RAM ikibana, kerneli hutupa kurasa hizo bila kuziandika kwenye swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM. Kwa mashine yenye diski kuukuu, hapo ndipo huduma hii inapopata alama zake nyingi.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu. Kurasa zilizoachiliwa bado huhesabiwa kwenye RSS, yaani RAM ambayo programu inaonekana kushika, basi amri ya `top` huonyesha programu iliyonenepa ilhali imeshapungua, na skripti inayoua programu kwa kutazama RSS itaua isiyo na kosa. Watunzi wa lugha ya programu ya Go walilikuta hili: walianza kuitumia katika toleo 1.12, kisha katika 1.16 wakarudi kwenye MADV_DONTNEED. Kabla ya kulaumu programu, angalia:

grep -E 'Rss|LazyFree' /proc/PID/smaps_rollup

Weka namba ya mchakato badala ya PID, kisha toa LazyFree (kurasa zilizowekwa alama ya MADV_FREE) kwenye Rss. Chukua jibu kama makadirio, kwa kuwa LazyFree inayoonyeshwa huweza kuwa chini ya ile halisi.

Kerneli iliyo chini ya 4.12 kwenye mashine isiyo na swapu huachilia kurasa papo hapo, hivyo faida yote inapotea. Kumbukumbu ya faili au ya pamoja haikubaliwi kabisa, utarudishiwa kosa la EINVAL.

Tunaipendekeza kwa programu inayoachilia na kutumia tena sehemu ileile mara kwa mara. Kwa programu za Go 1.12 hadi 1.15 kwenye seva inayolindwa kwa RSS, iwashe programu ikiwa na kigezo cha mazingira GODEBUG=madvdontneed=1, ili itumie MADV_DONTNEED.