ADAU1701 na SigmaStudio: uzoefu wangu nikifunga muziki wa matatu

Kama unafunga muziki kwenye nganya (matatu za madoido) za Nairobi na umechoka kuandika vichujio vya sauti kwa lugha ya C, jaribu ADAU1701, chipu ya kuchakata sauti kutoka kampuni ya Analog Devices. Bodi yangu niliipata barabara ya Luthuli, pamoja na adapta ya USB. Programu yake, SigmaStudio, hupakuliwa bure ila inataka Windows.

Zamani, kuhamisha krosova (mpaka unaotenganisha besi na sauti nyingine) kutoka hezi 90 hadi 110 kulinitaka nipige hesabu upya, nikompaili, nichome programu kwenye chipu, ndipo nisikilize. Kufikia hapo sikio limeshasahau sauti ya kwanza. Siku hizi nachora njia ya sauti kwa visanduku, naipakia, kisha navuta kitelezi na besi inabadilika papo hapo. Dereva anakaa kitini anasema "shusha kidogo, hapo hapo!" na kazi inakwisha bila yeye kujua desibeli ni mnyama gani. Ukiongeza kisanduku kipya, hapo lazima upakie upya.

Ina viingilio 2 na vitokeo 4 vya analogi: kushoto, kulia, besi, na kimoja kinabaki. Ndani ya chipu kuna nafasi ya desibeli 24 juu ya kiwango kamili, kwa hiyo mwenye gari akidai besi ya kutikisa vioo (na atadai), ikwalaiza haipasui sauti humo ndani. Itapasukia kwenye kitokeo. Weka limita (kisanduku kinachozuia sauti kuvuka kiwango) mwishoni.

Kwa hezi 48,000, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, unapewa maelekezo (hatua za hesabu) 1024 kwa kila sampuli. Kwa matatu sijawahi kuyamaliza. Kinachobana ni kumbukumbu ya data: maneno 2048, kila moja likibeba sampuli moja, yaani ucheleweshaji usiofika hata milisekunde 43. Sauti husafiri kama meta 14 kwa muda huo. Kanisa refu lenye spika za nyuma meta 20 kutoka madhabahuni, ambazo lazima zicheleweshwe ziendane na sauti ya mbele, halitoshei. Huko nitatumia ADAU1452, yenye maelekezo 6144 na kumbukumbu kubwa zaidi, ingawa haina ndani vigeuzi vya sauti kati ya analogi na dijitali, kwa hiyo unanunua kodeki (chipu ya vigeuzi hivyo) kando na gharama inapanda.

Kabla hujamkabidhi mteja gari, andika mradi kwenye EEPROM (chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) na uweke chipu ijiwashe yenyewe. Bila hivyo, injini ikizimwa mipangilio yote inapotea, na simu utapigiwa saa kumi na moja alfajiri.